Mchezo wa Kunyata

Jumamosi ya tarehe 20 Desemba mwaka jana, saa nane kasoro robo mchana, niliteremka Iyunga, Mbeya, nikiwa na begi moja na mfuko wa njegere mbichi kutoka Iringa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kukoma. Malori yalishuka barabara kuu kwa kufuatana, yakirusha maji mekundu, na ukungu ulikuwa umeketi juu ya mlima kama ilivyo kawaida yake mwezi huo. Mdogo wangu Fanueli alinipokea, akalitwaa begi, akaniuliza habari za njia. Hapakuwa na jambo lolote la ajabu. Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu katika chuo kimoja mjini Iringa, na kazi hiyo imenizoesha kuandika kila jioni yale yaliyotokea mchana, pamoja na saa yake. Bila mazoea hayo nisingekuwa na cha kusimulia.

Nilikuwa nimekwenda kwa shughuli mbili. Ya kwanza ilikuwa Krismasi. Ya pili ilipangwa kufanyika siku inayofuata Krismasi, nayo ilikuwa kikao cha kugawa vitu vya marehemu Catherine, mke wa kwanza wa Fanueli. Kwetu, nguo na vyombo vya marehemu havitoki ndani ya nyumba mpaka ukoo wake na ukoo wa mumewe waketi pamoja, na shangazi wa watoto avikabidhi kimoja kimoja mbele ya macho ya wote. Shangazi huyo ni mimi. Kikao kilikuwa kimeahirishwa mara nne kwa sababu ya ugonjwa wa Bibi Bertha, mama yake Catherine, anayeishi Nyololo. Hivyo vitu vilikaa miaka mitatu pale pale alipoviacha. Katikati ya miaka hiyo Fanueli alioa tena. Mwanamke aliyeolewa, Evarista, aliingia katika nyumba iliyojaa mwanamke mwingine.

Nilimkuta sebuleni, amekaa ukingoni mwa kochi kama mgeni. Alinisalimu kwa kupiga goti nusu, akapokea njegere, akaenda jikoni. Sikusikia nyayo zake.

"Dada," Fanueli alisema akicheka, "huyu wifi yako hata umvalishe viatu vya mbao, hutamsikia."

Evarista alicheka naye. Nilipomfuata jikoni, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nitapigaje kelele humu, wifi?" alisema, akimenya njegere. "Kila ninachokigusa ni cha mwenyewe. Nikisogeza kitana, Fanueli anakirudisha. Chai hanywi mpaka iwe kwenye kikombe chake yule. Mtoto halali bila sweta lake yule. Majirani wakituma mtu wanamwambia, nenda kwa mama Lea, na wala hawamaanishi mimi. Ningekuwa na mke mwenza mzima, wifi, tungetukanana, tungevutana nywele, tungemalizana. Huyu nitavutana naye wapi?"

Nilimwambia avumilie siku sita tu, vitu vitagawanywa.

"Siku sita," alisema. "Mimi nimehesabu mia tano na kitu."

Jioni hiyo, kabla ya chakula, Lea alikuwa akichezea simu ya Evarista. Lea ni binti pekee wa Fanueli na Catherine, ana miaka minane. Anord, ndugu yake Evarista aliyeko Iringa, alikuwa amemtumia mtoto mchezo mdogo wa sikukuu, wa kumalizika kwa nusu saa. Mchezaji anakuwa kiumbe mfupi mwenye koti la gunia, anayeingia katika nyumba ya watu mkesha wa Krismasi. Nje kuna theluji; ndani kuna mti wenye taa, moto na ngazi za mbao. Anatakiwa kuchukua vitu kumi, kimoja kimoja, bila kumwamsha mtu. Pembeni kuna alama ya sikio, ambayo hufunguka kila anapokanyaga vibaya. Mwenye nyumba ni mwanamke aliyekaa karibu na moto, ametupa kisogo.

"Mama mdogo, nisaidie," Lea alilalamika. "Yule mama ananiona kila mara."

"Wewe unatembea kama ng'ombe wa Usangu. Lete."

Aliichukua simu. Nilimtazama kwa mshangao, kwa kuwa hakuwahi kucheza mchezo wa aina hiyo maishani. Alimpitisha kiumbe yule kando kando ya ukuta, akamsimamisha, akamngojesha, akampitisha tena. Sikio halikufunguka hata kidogo. Nilielewa kwa nini. Mwaka mmoja na nusu alikuwa akifanya hivyo hivyo kila siku kwa miguu yake mwenyewe.

Alichukua kitu cha kwanza, kikombe, kutoka kabatini. Yakatokea maneno ya Kiingereza yenye maana hii: *Hakuna aliyekuona.*

Jumapili saa moja asubuhi, Fanueli alifungua kabati la vyombo na kikombe cha Catherine hakikuwapo.

Tulikitafuta mpaka kengele ya kwanza ya kanisa. Fanueli hakufoka. Alikunywa chai katika bilauri, taratibu, kama anayekunywa dawa, na Evarista alimtazama kila funda. Mchana mvua iliporudi, aliketi na simu yake. Alichukua kitana. Jumatatu asubuhi kitana cha Catherine hakikuwa kwenye kioo, na alasiri kilifuata kitabu chake cha nyimbo.

Siku hiyo hiyo ya Jumatatu, saa nne asubuhi, jirani wa nyumba ya pili alipiga hodi. Mimi nilikuwa ndani nikipiga pasi. Evarista alikuwa sebuleni, mlango uko wazi, ameketi umbali wa hatua tatu kutoka kizingitini.

"Karibu, mama Mwigulu," alisema.

"Hodi wenyewe! Hakuna watu?"

"Karibu, nimesema."

"Jamani, hii nyumba wameiacha wazi?" Mama Mwigulu aliingia, akatazama kochi, akatazama mlango wa ndani.

"Mama Mwigulu, umepofuka?"

Mwanamke yule aliruka. "Ee, Yesu wangu! Sikukuona, mama. Sijui nimelala macho wazi!" Walicheka wote wawili. Nilicheka na mimi, pasi mkononi. Usiku niliandika tukio hilo katika daftari kama kichekesho.

Jumanne ya tarehe 23, saa tisa alasiri, ndipo nilipouona mchezo kwa macho yangu kutoka karibu. Nilipita nyuma ya kochi nikiwa na chai. Nyumba ya kwenye simu ilikuwa ile ile ya kigeni, theluji ile ile, ngazi zile zile. Lakini juu ya kiti cha mbao palikuwa na sweta la kijani lililofumwa kwa mkono, lenye kiraka cha bluu kwenye kiwiko cha kushoto. Nalijua sweta hilo. Kiraka nilikishona mimi.

"Evarista," nilinong'ona, kwa kuwa Lea alikuwa chumba cha pili. "Acha."

"Sichukui mimi. Mimi nanyata tu."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu kikombe."

"Na ukaendelea?"

Aligeuka. Macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtu mwenye homa. "Ninyi mtakaa mviringo, mtashika kila kitambaa chake, mtakibusu, mtalia, mtasema alivyokuwa. Na mimi nitawapikia. Kwani nikivimaliza kabla, wifi, mtalia mkiwa mmeshika nini?"

Kidole chake kilishuka. Sweta likatoweka kwenye kioo cha simu. *Hakuna aliyekuona.* Nilikimbia chumbani kwa Lea. Alikuwa ameketi kitandani, amekumbatia mikono yake mwenyewe, akiitazama mikono hiyo kana kwamba kulikuwa na kitu ndani yake muda mfupi uliopita.

Ningepaswa kumwambia Fanueli jioni ile. Nilikusudia. Tulipoketi kula, Fanueli alisali, akamshukuru Mungu na wote walioandaa chakula, akanitaja mimi kwa jina. Chakula kilikuwa kimepikwa na Evarista. Alikuwa ameketi kulia kwake. Nilimwona akisubiri jina lake hadi amina.

Jumatano, mkesha wa Krismasi, saa tatu asubuhi, niliketi kuandika orodha ya watu watakaohudhuria kikao cha kugawa vitu. Niliandika ukoo wa Nyololo, nikaandika wa kwetu, nikaandika wenye nyumba. Evarista alisimama begani kwangu akasoma.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo sana. "Mbona mimi sipo?"

Nilisoma nilichoandika. Wenye nyumba: Fanueli, Lea. Mstari ulikuwa umefungwa kwa nukta, kwa mwandiko wangu mzuri wa kazini. Sikuwa nimemsahau kama mtu anavyosahau jina akalitafuta. Hapakuwa na pengo lolote akilini mwangu.

Nilimwandika.

Ndipo alipoketi sakafuni na kunieleza yote. Vitu tisa vilikuwa vimekwenda. Kila kimoja kilipokwenda, aliona jambo dogo. Muuza maziwa alimruka akamhudumia wa nyuma yake. Mbwa wa jirani aliacha kumbwekea. Usiku uliopita Fanueli alilala katikati ya kitanda, akijinyoosha, na alipomsukuma, hakuamka.

"Nilitaka yule asionekane humu," alisema. "Mimi nilitaka nionekane, wifi. Hicho tu."

"Bado kipi?"

Alinyoosha kidole ukutani. Ilikuwa picha ya harusi ya Fanueli na Catherine, ndani ya fremu ya mbao.

"Usikichukue."

"Sikichukui." Alifuta pua kwa kitenge. "Kesho nitacheza mara ya mwisho. Lakini sitanyata. Nitapita katikati, niwashe taa, nivunje vyombo. Mchezo unasema ukionekana, unaanza upya. Basi na nionekane."

Nilikubali. Mimi mwenye shahada mbili nilikubali, kwa kuwa hoja ilifuatana vizuri.

Siku ya Krismasi tulirudi kutoka kanisani saa saba kasoro dakika kumi. Njiani Fanueli alitembea kati yangu na Lea. Evarista alitembea nyuma. Mvua ilianza tulipofunga mlango, nzito, ikipiga bati hata tukalazimika kuinua sauti. Fanueli aliingia jikoni kukata kuku. Lea alianza kutandika meza. Evarista aliketi karibu nami kwenye kochi. Simu ilikuwa mikononi mwake. Bega lake liligusa langu. Bega hilo nalikumbuka. Lilikuwa na joto.

Aliufungua mchezo. Akampeleka kiumbe katikati ya sebule. Akawasha taa. Akaangusha bilauri, akaangusha nyingine. Alama ya sikio ilifunguka yote. Hakuna aliyeamka. Akapanda ngazi akakanyaga kila ubao unaolia. Akashuka. Hakuna.

"Mzungukie," nilinong'ona. "Yule mwenye nyumba. Msimamie mbele."

Alimzungukia. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wa mwanamke yule. Katika daftari nimeandika: uso wa mwanamke wa kawaida. Mstari unaofuata nimeukata kwa kalamu mara nyingi hata karatasi ikatoboka. Sikumbuki nilichokuwa nimeandika.

Mwanamke alifungua macho.

Alimtazama kiumbe yule. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa utulivu, kama mama anayemtambua mtu barabarani na kupima kama amsalimu. Kisha alifumba macho. Akageuza kiti chake, akatupa kisogo tena.

"Ameniona," Evarista alisema. "Wifi, ameniona. Ameniona, na amekataa."

*Hakuna aliyekuona.*

Lea aliingia na sahani. Aliziweka mezani moja moja. Tatu.

Evarista alisimama. "Lea." Mtoto alinyoosha kitambaa cha meza. "Lea!" Mtoto alipanga vijiko. Mara ya tatu alipiga ukelele ambao ulizidi mvua, mimi nikaziba masikio, na Lea alisogeza bilauri kidogo kushoto ili ilingane na nyingine.

Fanueli alitoka jikoni na bakuli. Evarista alimshika mkono wa shati kwa mikono miwili. Fanueli alitua bakuli. Akautazama mkono wa shati. Akaupangusa, mara mbili, kama mtu anayepangusa unga.

"Dada," alisema, "sogea mezani, chakula kinapoa."

Nami nilisogea. Lazima niliandike hili kama lilivyokuwa. Nilivuta kiti, nikala wali na paja la kuku, nikamsifu mdogo wangu kwa mapishi. Ilikuwa saa nane na robo, nilipokuwa nanawa mikono, ndipo nilipohisi kwamba kabla ya chakula nilikuwa nikiongea na mtu.

Tarehe 26 ndugu walifika. Bibi Bertha aliletwa kutoka Nyololo, akaketishwa kwenye kochi, fimbo kati ya magoti. Nilifungua kikao kwa sala, kisha nikasema ukweli kwamba vitu vya marehemu havionekani, isipokuwa picha iliyo ukutani. Palikuwa na kelele. Bibi Bertha aliinua mkono, wakanyamaza.

"Baba Lea," alimwita Fanueli. "Humu unakaa na nani?"

"Na mwanangu tu, mama. Tangu Catherine alipotutoka, sisi ni wawili."

Nilifungua kinywa. Nilijua kuna jina. Nililitafuta kama mtu anavyotafuta swichi gizani, na ukuta ulikuwa laini kote.

Bibi Bertha, ambaye macho yake yana mtoto wa jicho na haoni zaidi ya kivuli, aliivuta miguu yake pembeni na kuinua fimbo, kama mtu anayempisha mwingine apite.

Nilisafiri kurudi Iringa siku iliyofuata. Basi liliposimama Nyololo abiria wale, nilifungua daftari niongeze habari za njia. Nilisoma kurasa saba za nyuma. Nilisoma jina Evarista mara arobaini na mbili, nami kwa dakika kadhaa nilijiuliza ni nani. Kila ninachokijua juu yake nakijua kutoka kurasa hizo, isipokuwa lile joto la bega. Sura yake sina. Urefu wake sina.

Tarehe 30 nilimtafuta Anord mjini Iringa, nikampata dukani kwake. Nilimuuliza juu ya dada yake.

"Mimi?" alisema. "Kwetu tumezaliwa wanaume watupu, watatu. Mama yetu mpaka leo analia hakujaliwa binti." Kisha akakunja uso. "Ila we dada, umenikumbusha kitu. Mama siku hizi akipakua, anapakua na sahani moja ya ziada. Ukimuuliza, anakasirika."

Sikumweleza. Ningemweleza nini?

Mwezi wa tatu Fanueli alinipigia simu, sauti yake ikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. Alikuwa amempata mwanamke wa Uyole, mwalimu, anaitwa Kalista. Alitaka kumleta nyumbani siku ya Pasaka nimwone. "Nyumba hii imekaa bila mwanamke muda mrefu mno, dada," alisema. Alipotamka hayo nilisikia, karibu kabisa na simu, karibu kuliko kinywa chake, mtu akivuta pumzi.

Nilimwambia asubiri. Aliniuliza sababu. Sikuwa na sababu ambayo ingesimama mbele ya mtu mwenye furaha.

Pasaka ilipofika, tarehe 5 Aprili, nilikuwapo. Fanueli alikuwa ameipaka nta nyekundu sakafu ya sebule asubuhi, na kwa kuwa unyevu ulichelewesha kukauka, alitandika mkeka kutoka mlangoni hadi kwenye viti, akatuomba sote tusikanyage pembeni. Kalista alifika saa nane. Ni mwanamke mchangamfu, mwenye sauti kubwa. Alimkumbatia Lea. Alicheka kwa nguvu na nyumba ikacheka naye, na Fanueli alimtazama kwa namna ambayo nilitamani kwa moyo wangu wote asimtazame hivyo mahali pale. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha kwa muda wa saa mbili na nusu. Hakuna aliyekaribia ukuta. Nilihakikisha, kwa sababu sikuondoa macho yangu hapo.

Saa kumi na nusu aliinuka kuondoka, akagusa kichwa chake.

"Jamani, kilemba changu? Nimekuja nacho, si mmeniona nacho?"

Tulitafuta chini ya viti, chini ya mkeka, ndani ya mkoba wake. Fanueli alimtania kwamba uzee umeanza mapema. Nilipiga magoti kutazama nyuma ya kiti alichokuwa amekalia, upande wa ukuta, ambako nta ilikuwa bado mbichi.

Nyayo za miguu mitupu, za mwanamke, zilianzia kwenye mlango wa chumba cha kulala. Zilifuata ukuta, kisigino kimoja kimegusana na ukuta, hatua fupi, sawasawa, za mtu anayejua mahali pa kukanyaga. Zilipofika nyuma ya kiti, zilisimama pamoja, vidole vimeelekea mgongo wa Kalista. Nta ilikuwa imedidimia zaidi hapo, kama inavyodidimia mtu anaposimama kwa muda mrefu.

Hapakuwa na za kurudi.